Penina na Ugonjwa wa Kusimama

Penina Nnko alianza kuumwa makaburini, na kwa sababu hiyo watu wa Kikatiti walidhani ni mapenzi.

Ulikuwa msiba wa fundi mmoja wa bomba wa huko Kikatiti, mtu wa makamo aliyewahi kufika Akheri, kijijini kwa Penina juu mlimani, mara moja tu kutengeneza maji ya kanisa. Penina alikuwa mwalimu wa kwaya, kwaya ikaombwa kwenda kuimba, basi akaenda. Watu walipoambiwa wasimame kwa sala ya mwisho, alisimama pamoja na wengine, akakunja mikono, akafumba macho. Haikupita nusu dakika akasikia kitu kimeanza ndani ya mapaja yake. Hakikuuma. Kilikuwa kama mashine ya kusaga iliyowashwa nyumba ya pili, ukuta unavuma lakini mashine yenyewe huioni. Mvumo ule ukashuka magotini, ukafika kwenye vigimbi, na ardhi ikawa kama imegeuka godoro. Akafumbua macho akijua kabisa kwamba anaanguka, na mbele yake palikuwa na shimo.

Hapo mwili ulimwamulia. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili, na mvumo ukakatika palepale. Akasimama, ukaanza. Akatembea, ukaacha. Sala ilikuwa ndefu, na Penina alilizunguka lile kaburi mara nne, macho chini, mikono kifuani, akimpita mjane mara nne.

Mjane hakusema kitu siku ile. Alipiga simu wiki iliyofuata, baada ya kuitafuta namba kwa watu. Aliuliza kwa upole kabisa kwamba dada yangu, wewe marehemu ulimfahamu vipi. Penina akajibu kwamba aliwatengenezea bomba. Mjane akasema kwamba yeye alitengenezewa bomba miaka ishirini na sita na hakupata nguvu ya kuzunguka hata mara moja.

Habari ikapanda mlima haraka kuliko Penina mwenyewe. Mumewe, Kaanaeli, mtu wa kahawa na migomba na maneno machache, aliipata alipokwenda kupeleka kahawa kwenye chama cha ushirika. Jioni akakaa mezani, akamsubiri mkewe amimine chai.

"Mama Angel, ni kweli ulizunguka?"

"Ni kweli."

"Mara nne?"

"Baba Angel, sikuhesabu. Miguu ilikataa kusimama."

Kaanaeli akanywa chai yake mpaka ikaisha. "Basi ni miguu," alisema, akaenda kufunga ng'ombe. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa Penina hakukumbuka kuambiwa neno tamu kuliko hilo.

Lakini miguu haikuacha. Kukaa hakukuwa na shida, kutembea hakukuwa na shida, angeweza kwenda Tengeru na kurudi kwa mguu na ndizi kichwani. Shida ilikuwa kusimama tu, na Penina hakuwahi kujua ni mambo mangapi duniani hufanywa kwa kusimama. Kule kwao salamu si jambo la kurushwa huku unapita. Unasimama, unaamkia, unaulizwa watoto, unaulizwa ng'ombe, mnaizungumzia mvua, ndipo unaruhusiwa kwenda. Penina akaanza kuwaamkia wazee huku akiwazunguka. "Shikamoo" aliitoa mbele ya mtu, na habari za nyumbani akazipokea nyuma ya mgongo wake. Mzee mmoja aliyejitahidi kugeuka naye alipata kizunguzungu, ikabidi akae juu ya jiwe. Baada ya hapo wengine walianza kusema mwalimu wa kwaya ana kiburi, na wengine, wale wenye jamaa Kikatiti, walisema ni majonzi.

Sokoni tu ndiko ugonjwa ulikomlipa. Aliposhindwa kusimama mbele ya muuza nyanya, alikwenda kwa wa pili, akarudi kwa wa kwanza, akaenda tena, na wauzaji wakadhani anawashindanisha. Walishusha bei bila yeye kufungua mdomo.

Kwaya ilikuwa habari nyingine. Huwezi kuongoza kwaya huku unatembea kanisani. Huwezi pia kuiongoza umekaa. Alijaribu mara moja, na safu ya nyuma ikawa inaona mikono tu inatokea na kupotea. Mwishowe akagundua kwamba akipiga hatua palepale alipo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mvumo unatulia kiasi. Ila mikono ya mwalimu hufuata miguu yake, na sauti hufuata mikono. Polepole kila wimbo ukaingia katika mwendo mmoja. Za shukrani ziliimbwa hivyo, za Krismasi hivyo, na watu wa maeneo yale wakazikwa kwa mwendo wa gwaride.

Mwezi wa pili akaona miguu ya soprano nayo inanyanyuka. Kisha alto. Haikupita muda watu thelathini na wawili, wamevaa majoho, wakawa wanapiga hatua palepale pamoja naye, na sakafu ya mbao ya jukwaa la kwaya ikawa ndiyo ngoma yao. Penina alitaka kuwakataza, akaacha. Wakaenda hivyohivyo kwenye mashindano Usa River, wakawa wa kwanza. Jaji mmoja alisimama akausifu ubunifu wa mwalimu, akasema kwa muda mrefu hajaona kwaya iliyofikiri kwa miguu. Walipewa kinanda na mbuzi. Vaileth, kiongozi wa alto, mwanamke mwenye sauti nzito na maoni mengi, alimbeba yule mbuzi mabegani hadi kwenye gari, akipiga hatua.

Kwaya za sharika nyingine zikaanza kuja kwenye mazoezi, simu mkononi, kurekodi. Penina alizipokea sifa hizo akiwa anaona aibu moyoni, kama mtu aliyepewa zawadi ya mwenzake.

Wakati huohuo alikuwa akitafuta tiba, na hapo ndipo alipokutana na maneno yaliyomchosha kuliko ugonjwa wenyewe: karibu mama, kaa hapa. Kila mganga na kila daktari alianza nayo. Wakimpima presha amekaa, wakimgonga magoti kwa kinyundo amekaa, wakimpiga picha amelala. Akiwa amekaa, Penina alikuwa mzima kuliko waliompima. Mmoja alimpa vitamini. Mwingine alisema ni umri. Wa tatu aliuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani, na Kaanaeli, aliyekuwa palepale kwenye kiti cha pili, akaitazama kofia yake mpaka swali likapita.

Binti yao Angel, aliyekuwa mfamasia mjini Arusha, ndiye aliyepata habari za daktari wa mishipa ya fahamu huko Moshi, Dk. Rachel Mosha. Wakaenda. Dk. Mosha alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, alikuwa anaandika, na bila kuinua kichwa akasema karibu mama, kaa.

"Sikai," Penina alisema.

Daktari akainua kichwa.

"Nikikaa, daktari, na ugonjwa unakaa. Nimekaa mbele ya madaktari sita. Nipime nimesimama, au nirudi nyumbani."

Dk. Mosha akaweka kalamu chini. Akamwambia basi asimame hapo katikati ya chumba, asishike kitu, na yeye akapiga magoti sakafuni kama mtu anayepima suruali. Alichukua kile chombo cha kusikilizia moyo, akakiweka kwenye paja la Penina, akasikiliza. Sura yake ikaanza kubadilika taratibu, ikawa ya mtu aliyesoma kuhusu mnyama fulani miaka mingi na sasa kamwona amelala njiani. Akamwita Kaanaeli, akamvisha chombo masikioni.

Kaanaeli alisikiliza kwa makini. "Helikopta," alisema. "Ile ya watalii, inayopita Momela."

Daktari akamwambia kwamba hata vitabu vinaisema hivyohivyo, helikopta. Kaanaeli aliona haya kwa kupatia.

Wakabandika vidude vyenye nyaya miguuni, mashine ikachora vilima vidogo vilivyosongamana. Misuli ya Penina, alieleza daktari, ilikuwa inatetemeka mara kumi na sita kila sekunde, haraka mno kwa jicho la mtu, ndiyo maana hakuna aliyeona kitu. Ulikuwa ugonjwa wa nadra, mtetemeko unaokuja mtu akisimama na kuondoka akikaa au akitembea. Haukuwa kichaa, haukuwa umri, wala haukuhusiana na amani ya nyumbani. Penina akalia kidogo, kisha akafuta macho na kuomba jambo moja: hayo yote yaandikwe kwenye karatasi yenye mhuri. Aliipiga picha karatasi ile akiwa bado ndani ya geti la hospitali, akaituma Kikatiti. Mjane alijibu kesho yake kwamba anampa pole sana, na kwamba ameisoma mara mbili.

Dawa zilianza. Za kwanza zilituliza miguu nusu na Penina mwenyewe kabisa. Kwenye mazoezi ya Alhamisi alisinzia akiwa ameinua mkono wa kulia, na kwa kuwa mkono haukushuka, kwaya iliurudia ubeti wa pili mara kumi na moja, mpaka Vaileth alipokwenda kuushusha yeye. Dawa za pili zilimpa kichefuchefu. Za tatu hazikufanya lolote, si jema si baya.

Mwaka wa tatu wa ugonjwa Angel alikuwa amechumbiwa na Godbless, kijana wa Marangu, harusi ikawekwa mwezi wa kumi na mbili. Mama wa bibi harusi husimama mlangoni, husimama madhabahuni, husimama kwenye picha, kisha husimama kwenye mstari kupokea mikono ya watu mia nne. Angel alikuwa amewaza yote hayo, akapendekeza wazazi wa pande zote wawekewe viti. Kule Marangu shangazi mmoja akauliza, kwa nia njema tu, kama wakwe wote ni wagonjwa au ni baadhi.

Penina alisema viti hataki. Alisema hatakaa kwenye harusi ya mwanawe kama mzigo uliosahaulika stendi.

Walirudi Moshi. Dk. Mosha aliwaambia kuna njia nyingine, ila waisikilize mpaka mwisho kabla ya kufurahi. Ni kifaa kinachotumika zaidi kwa watu wenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha. Nyaya nyembamba huingizwa mgongoni, zikalala nje kidogo ya uti wenyewe, na betri ndogo huzitumia umeme kidogokidogo. Watu wachache duniani wenye ugonjwa kama wake walikuwa wamejaribiwa. Baadhi waliweza kusimama kwa muda mrefu, baadhi hawakupata kitu, na kuna waliopata nafuu ikapungua baada ya miaka. Wataalamu kutoka India walikuwa wanakuja Dar es Salaam kufanya kazi na madaktari wa huko kwa majuma mawili. Angeweza kumwombea nafasi. Wangemwekea kwanza kwa majaribio, betri ikiwa nje. Kisipofaa, kinatolewa.

Kaanaeli aliuliza umeme huo ni wa kiasi gani. Daktari akasema mdogo kuliko wa tochi. Aliuliza tena kama mvua ikinyesha kuna hatari. Daktari akasema hapana. Kaanaeli akaonekana bado ana swali la tatu, lakini akalirudisha.

Kwenye upasuaji wa majaribio, huko Dar es Salaam, Penina alilala kifudifudi, macho wazi, mgongo umetiwa ganzi, kwa sababu walimhitaji awaambie umeme unafika wapi. Daktari wa India aliuliza kwa Kiingereza, daktari kijana wa Dar akatafsiri, na Penina akatafuta neno. Haikuwa maumivu wala haikuwa mwasho. Mwishowe alisema ni soda, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Basi chumba kizima kikafanya kazi kwa soda. Soda iko wapi sasa, mama? Iko nyongani. Na sasa? Imeshuka paja la kushoto. Na kulia? Kulia hakuna, kulia pakavu. Wakasogeza waya, na Penina akawatangazia kwamba soda imefika miguu yote miwili, daktari wa India naye akalirudia neno hilo kwa Kiswahili chake.

Siku iliyofuata walimsimamisha kwenye korido, betri ikiwa kwenye mkanda kiunoni, nesi ameshika saa. Kabla ya hapo muda wake mrefu kabisa ulikuwa sekunde ishirini na nane. Alisimama. Mvumo ulikuja, akausikia ukipanda kama kawaida yake, halafu ukabaki hukohuko chini, kama mgeni aliyefika mlangoni akasita kuingia. Dakika ikapita, ikapita ya pili. Alipofika ya tano nesi aliacha kuita muda, akawa anatazama tu.

Kaanaeli akaomba chombo cha kusikilizia. Akainama, akasikiliza paja moja, akasikiliza na la pili.

"Ipo," alisema. "Lakini imekwenda mbali."

Akarudisha chombo, akasimama kando ya mkewe dirishani. Hakuwa amesimama naye hivi tangu kabla ya msiba ule wa Kikatiti. Kwa miaka mitatu, kila alipomwanzia neno, mke alikuwa amekwisha ondoka hatua kumi. Sasa alikuwa hapo. Kaanaeli akamwambia kwamba ile miche ya kahawa ya upande wa mtoni imeshika vizuri. Akamwambia kwamba ng'ombe mwekundu anapunguza maziwa na yeye anadhani ni majani. Akamweleza juu ya jirani na mpaka, jambo la tangu mwaka juzi, ambalo Penina alilisikia nusu tu. Aliongea dakika kumi na tisa, maneno mengi kuliko ya mwaka mzima, na mwisho wake ni yeye aliyeomba wakae, maana miguu yake ilichoka.

Wakaweka betri ya kudumu, ukubwa wa kiberiti, chini ya ngozi juu kidogo ya kalio. Penina akarudi Akheri akiwa na mkanda wa kuchajia, rimoti ndogo, na masharti: wiki sita asiiname, asibebe, asijipinde.

Habari zilikuwa zimemtangulia. Zilisema amewekewa umeme. Waliokuja kumpa pole walileta maziwa na loshoro, mahindi yaliyochanganywa na mgando, wakaweka vyombo mezani badala ya kumpa mkononi. Mama mmoja aliuliza kama simu inaweza kuchajiwa kwake, kwa bahati mbaya hakuwa anatania. Vaileth alimpa mkono uliofunikwa kitenge, akasema ana mafua. Usiku ule wa kwanza Penina aliona mumewe anapanda kitandani na kandambili miguuni. Akamuuliza. Kaanaeli akasema miguu yake ina baridi. Ilikuwa mwezi wa tisa na joto limeanza. Alilala na kandambili siku nane, ya tisa moja ilipotea ikabidi alale na mguu mmoja wazi, na asubuhi alipojikuta mzima akaacha.

Kuchaji ndiko kulikosumbua. Mara moja kwa wiki alitakiwa akae na mkanda saa nzima na zaidi, na umeme wa mlimani ulikuwa na ratiba yake. Siku ukikatika katikati alikwenda nyumbani kwa mchungaji, Mchungaji Nelson, aliyekuwa na umeme wa jua, akakaa sebuleni kwake amechomekwa ukutani huku mchungaji akiandaa mahubiri. Watoto wa kipaimara waliingia wakamkuta hivyo, wakaamkia kwa heshima kubwa sana.

Wiki sita zilipokwisha alirudi kwenye kwaya. Alisimama mbele yao kama mlingoti, akainua mikono. Walianza, wakapiga hatua, wakamtazama miguuni, wakaona haiendi, nao wakasimama. Sauti zikatawanyika kama kuku. Alto waliingia mapema, besi hawakuingia kabisa. Walirudia mara tatu. Alhamisi ya pili ilikuwa vivyo hivyo, ya tatu mbaya zaidi, na harusi ilikuwa imebaki siku kumi.

Vaileth ndiye aliyetumwa. Alimfuata nyumbani, akanywa chai vikombe viwili, akazungumzia mvua. Kisha akasema kwamba kamati imekaa, na kwamba inamshukuru Mungu kwa uponyaji wa mwalimu, na kwamba ina ombi dogo.

"Mama Mwalimu, haiwezekani kukizima kidogo tu? Kwenye mashindano na harusi. Halafu unawasha."

Penina alikasirika mpaka akasimama, na alipokwisha simama akakumbuka kwamba anaweza, akabaki wima huku amekasirika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kumgombeza mtu bila kumzunguka. Alisema kila kitu. Alisema ule haukuwa ubunifu, ulikuwa ugonjwa. Alisema jaji wa Usa River alikisifu kilema, kinanda kile na mbuzi yule ni vya mtetemeko, na kama walidhani yeye ni msanii wa miguu walidanganyika, alikuwa mtu anayeogopa kuanguka mbele za watu. Alipomaliza alikuwa anahema.

Vaileth akazungusha kikombe kwenye kisahani chake.

"Tulijua," alisema.

"Mlijua nini?"

"Tulijua ni ugonjwa, Mama Mwalimu. Sisi tunakuangalia wewe kila Alhamisi na kila Jumapili, hatuangalii kingine. Tuliona unahangaika peke yako pale mbele. Anna wa soprano akasema tupige na sisi, watu wadhani ndivyo tulivyopanga." Akaweka kikombe chini. "Halafu tukashinda, tukanogewa."

Penina akakaa. Safari hii miguu haikumwomba. Akammiminia Vaileth kikombe cha tatu ambacho hakukiomba, na Vaileth akakinywa chote, na walipoagana alimpa mkono mtupu, bila kitenge.

Alhamisi iliyofuata walikubaliana hivi: mwalimu atasimama, kwaya itatembea, na mwendo wa miguu utakuwa mikononi mwa Vaileth, apige hatua yeye wa kwanza pale kwenye safu yake. Penina akadai haki moja, nayo ni kwamba wimbo wa maziko urudi kuwa wimbo wa maziko. Walijadili nusu saa. Wakapiga kura. Alishinda kwa kura mbili.

Siku ya harusi alisimama mlangoni mwa kanisa. Alisimama madhabahuni Angel alipokabidhiwa kwa mumewe, akaliona kila jambo, hata kwamba Godbless ametoboa soksi. Kwaya iliingia kwa kishindo, na wageni wa Marangu wakageuka kwenye viti kutafuta ngoma iko wapi. Alisimama kwenye picha zote, hata za upande wa bwana harusi ambazo hakutakiwa kuwemo.

Ukumbini ulifuata mstari wa kupokea mikono. Ulikwenda polepole kuliko ilivyopangwa, kwa sababu wengi walitaka kumshika mkono mama wa umeme na kuona kama watasikia kitu. Mmoja alisema amesikia. Katikati ya mstari ule akafika Mzee Fanuel, baba mdogo wa Godbless, mtu ambaye familia yake ilimpenda na kumkimbia. Aliushika mkono wa Penina, akaanza kumweleza jinsi walivyolikosa lori la ndizi huko Rombo mwaka wa sabini na nane. Mstari ukasimama. Katika kisa chake palikuwa na dereva aliyekuwa na kaka pacha, kisha pakawa na daraja, kisha pakawa na padri. Godbless alimfanyia mama mkwe ishara kwa macho kwamba atamwokoa. Shangazi yule wa viti alikuja na sahani ya machalari ya ndizi na nyama ili kumvuta mzee, akarudi nayo. Penina akatikisa kichwa kidogo kuwaambia wamwache. Alitaka kujua yule pacha alikwenda wapi.

Kisa kilipofika pale padri anashuka kwenye baiskeli, mguu wa kushoto ukaanza kuvuma kwa mbali. Dk. Mosha alikuwa ameshamwambia kwamba siku ndefu itafanya hivyo, na mwezi wa kwanza arudi wakirekebishe kifaa. Penina hakuitafuta rimoti kwenye pochi. Akapitisha mkono wake kwenye kiwiko cha mzee.

"Shemeji," alisema, "hebu tuendelee huku tunatembea. Huyo padri alilijuaje lori?"

Mzee Fanuel hakuwa ameulizwa swali tangu mkewe afariki. Wakashuka pamoja kati ya meza, polepole, kuelekea kwenye chakula, yeye akieleza na Penina akiitikia, na nyuma yao mstari mzima ukawafuata.